Je, Wajua? Rimoti ya Gari Yaweza Kuvaa Ngozi ya Mbuzi

Hebu toa ufunguo wa gari mfukoni. Ule wenye rimoti, unaokuchoma paja kila ukikaa. Uweke hapa kwenye benchi katikati yetu, maana nina mambo ya kukuambia kuuhusu hadi jua la Lokichar, hapa Turkana, lizame!

Je, wajua kwamba rimoti hiyo ina vitu vitatu tu vyenye kazi? Kuna bodi ndogo ya saketi, kuna betri ya duara, na kuna chipu inayoruhusu injini iwake. Ukitoa ulimi wa chuma, kwingine kote ni plastiki, nafasi tupu na nembo ya kampuni.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Tuseme rimoti yako ina urefu wa milimita 75, upana wa 38 na unene wa 14: ujazo wake ni karibu sentimita 40 za ujazo. Vitu vilevile vikihamishiwa kasha la milimita 45 kwa 30 kwa 9, ujazo unashuka hadi 12. Asilimia 70 ya mzigo wa mfukoni imetoweka, na mlango bado unafunguka!

Na gari halitajua lolote. Ukihamisha bodi na chipu bila kuviharibu, hakuna cha kuprogramu upya. Gari husikiliza mawimbi tu. Ganda ni lako kuamua, liwe la mti, la pembe, la mpira au la ngozi ya mbuzi wa nyumbani kwako.

Lakini ngoja, usikimbilie bisibisi. Wajua kwamba katika funguo nyingi ile chipu ya injini haiko kwenye bodi? Imejificha peke yake kwenye kona ya ganda, na ile ya kioo ina urefu wa milimita 12 na unene wa 2 tu, punje ya mchele hasa. Wengi hutupa ganda la zamani nayo ikiwa ndani, kisha hushangaa milango ikifunguka huku gari likikataa kuwaka. Mengine huwaka sekunde moja au mbili, yakajizima!

Chipu hiyo haina betri, na haijawahi kuihitaji. Koili iliyozungushiwa tundu la ufunguo huirushia nguvu kwa mawimbi ya kilohezi 125 hivi, nayo hujibu papo hapo kwa siri yake. Uingereza ilidai kila gari jipya la abiria liwe na kinga hiyo kuanzia Oktoba 1998.

Na sikia hili, wewe mfugaji. Ukoo huohuo wa chipu umo ndani ya mifugo! Botswana iliwamezesha ng'ombe wake vidonge vigumu vyenye chipu, vikabaki tumboni, ili kila mnyama atambuliwe kwa namba yake.

Tukiwa kwenye mifugo, wajua sensa ya 2009 ilihesabu mbuzi karibu milioni 6 katika Turkana? Watu waliohesabiwa mwaka huohuo walikuwa 855,399. Ni mbuzi saba kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo! Kipande cha ngozi kinachotosha kasha moja la rimoti hakizidi sentimita 10 kwa 10.

Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ina muujiza wake. Iloweke maji, ibane juu ya kitu, iache ikauke: itashika umbo la kitu hicho na kulibakiza. Usiibane juu ya bodi yenyewe, maana maji na saketi ni maadui wa kudumu. Chonga kwanza kipande cha mti chenye vipimo vya bodi na betri, ubanie hapo.

Je, wajua Waturkana walishamaliza kazi hii vizazi vingi vilivyopita? Itazame abarait, kisu cha kifundo cha mkono: duara la chuma lenye makali upande wa nje, na ala nyembamba ya ngozi inayofunika makali hayo kuzunguka kote. Ala haizidi kisu kwa lolote. Kwa maoni yangu, hilo ndilo kasha dogo bora kuliko yote yaliyowahi kubuniwa upande huu wa ziwa, na fundi yeyote wa funguo angeanza somo lake hapo.

Na Warumi wa kale? Vazi lao halikuwa na mifuko, kwa hiyo walivaa funguo vidoleni. Pete upande mmoja, meno ya ufunguo upande wa pili! Makumbusho ya Ulaya yamejaa pete hizo za shaba.

Haya, sasa shika benchi. Zana za mawe kongwe kuliko zote zinazojulikana duniani ziligunduliwa hapa hapa Turkana, magharibi mwa ziwa, mahali paitwapo Lomekwi, mwaka 2011. Zina umri wa miaka milioni 3.3. Mawe yaliyogongwa kupata makali yalikuwa na uzito wa wastani wa kilo 3.1, na kuna jiwe la kilo 15! Mwanadamu alianza na zana nzito, na tangu siku hiyo hajaacha kuzipunguza.

Miaka milioni 1.76 iliyopita, hapo Kokiselei, pia magharibi mwa ziwa, mtu alichonga shoka la mkono la kushikika vizuri kiganjani. Hilo ni miongoni mwa mashoka ya mkono makongwe kabisa yaliyowahi kupatikana. Kupunguza kitu hadi kiutoshe mkono ni kazi ya Turkana kabla haijawa ya mtu mwingine yeyote!

Na huo mkono wenyewe je? Mwaka 2013 wanasayansi, miongoni mwao Fredrick Manthi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza mfupa wa kiganja kutoka Kaitio, Turkana Magharibi, wenye umri wa miaka milioni 1.42. Una kijichomozo kidogo kinachouwezesha mkono kubana kitu kwa nguvu kati ya kidole gumba na vidole vingine. Ndicho unachokitumia kila unapobonyeza rimoti.

Turudi kwenye betri. Ifungue uisome: huenda imeandikwa CR2032. Wajua maandishi hayo ni vipimo? Namba 20 ni kipenyo, milimita 20. Namba 32 ni unene, milimita 3.2. Herufi R inasema ni ya duara, na C inataja kemikali zake za lithiamu na manganizi. Fundi hahitaji rula, betri imejipima yenyewe!

Basi unene wa kasha jipya unaujua kabla hujakata chochote. Betri milimita 3.2, bodi ya kawaida 1.6, kuta mbili za milimita 1.2 kila moja, na nafasi kidogo ya pumzi, tuseme 0.6. Jumla ni milimita 7.8. Umepata!

Unataka nyembamba zaidi? Weka CR2016: kipenyo kilekile, volti zilezile 3, lakini unene wa milimita 1.6 tu. Bei utailipa baadaye, kwani CR2032 hubeba karibu milliampia-saa 220 na CR2016 karibu 90. Utabadilisha betri zaidi ya mara mbili pale ambapo mwenzako anabadilisha mara moja. Mimi ningebaki na 2032, hasa kwa anayeishi mbali na duka la betri.

Je, wajua rimoti yako inatikisa mawimbi mara ngapi kwa sekunde? Ya Ulaya hutikisa mara 433,920,000. Ya Japani hutikisa karibu mara 315,000,000. Kitu cha kilo sufuri nukta sufuri kadhaa, kwa betri ya gramu 3!

Na hapo pana mtego kwa Mkenya. Sheria zetu haziruhusu kuagiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na mengi tunayoagiza hutoka Japani, yakisikiliza megahezi 312 hadi 315. Ganda waweza kutumia lolote linaloingia bodi yako. Bodi iliyotengenezwa kwa Ulaya haitasikika kamwe na gari la Japani, hata ukaing'arisha.

Mawimbi hayo hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Lokichar hadi Lodwar ni kilomita kama 85 kwa barabara. Kwa mwendo huo safari hiyo haimalizi sekunde 0.0003! Bahati nzuri nguvu ya rimoti ni ndogo mno kufika huko: Ulaya imeziwekea rimoti za megahezi 433 kikomo cha milliwati 10, na balbu ya wati 10 hutumia mara 1,000 ya hiyo.

Sasa angalia ukingo wa bodi. Unaona ule mstari wa shaba unaozunguka? Hiyo ndiyo antena! Mtu akitaka kasha dogo zaidi akakata ukingo huo kwa msumeno, atafungua gari akiwa ameegemea mlango tu, kama litafunguka.

Wajua kwamba kasha la bati lililozibwa pande zote huinyamazisha rimoti? Michael Faraday alionyesha mwaka 1836 kwamba chumba cha chuma hakiruhusu nguvu za umeme wa nje kuingia. Mafundi wetu wa jua kali hulipenda bati kwa haki kabisa, ila hapa waliweke pembeni. Ngozi, mti mkavu, pembe na plastiki hupitisha mawimbi bila ugomvi.

Lakini hilohilo ni kinga. Wezi wa Ulaya hunasa mawimbi ya funguo zisizobonyezwa, zile za gari la kuwasha kwa kitufe, wakiwa nje ya nyumba. Watu wakaanza kulaza funguo zao ndani ya kopo la bati!

Pembe nayo ni hadithi. Pembe ya ng'ombe ikipashwa moto vizuri hulainika, hukunjwa, hubanwa, na ikipoa hubaki hivyohivyo. Ni plastiki iliyoota kichwani mwa mnyama, maelfu ya miaka kabla ya kiwanda chochote cha plastiki!

Na mathenge? Usicheke. Mti huo uliletwa Kenya katika miaka ya 1970, ukapandwa Turkana, na leo umejaa kandokando ya lugga zetu. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walimpeleka mbuzi aliyeharibika meno hadi mahakamani Nairobi, awe ushahidi dhidi ya maganda yake matamu. Mbao zake hata hivyo ni ngumu, na zikikauka hazipindipindi ovyo. Kwa kasha linalotakiwa kufunga sawasawa kwa miaka, hiyo ni sifa ya dhahabu. Kata mathenge, chonga kasha: umefanya mema mawili kwa msumeno mmoja!

Je, wajua plastiki ya rimoti nyingi huitwa ABS? Ndiyo hiyohiyo ya matofali ya kuchezea ya Lego, ambayo kampuni hiyo ilianza kuitumia mwaka 1963. Hutengenezwa kwa kemikali tatu, na zote tatu hutoka kwa mafuta ya petroli na gesi.

Mafuta! Umeshaona ninakokwenda? Tarehe 26 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki aliitangazia Kenya kwamba mafuta yamepatikana Turkana, katika kisima cha Ngamia 1 kwenye bonde la Lokichar Kusini. Mwezi Juni 2018 malori ya kwanza yakaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Mombasa. Agosti 2019 meli iitwayo Celsius Riga ikaondoka na zaidi ya mapipa 200,000. Mtu wa Lokichar hukaa juu ya malighafi ya makasha yote ya funguo duniani!

Tena si mafuta ya kawaida. Yana nta nyingi, na yakipoa chini ya nyuzi 40 hivi huanza kuganda. Ndiyo maana malori yalibeba matangi ya kutunza joto, na bomba lililopangwa kwenda Lamu, la zaidi ya kilomita 800, ni la kupashwa moto njia nzima. Pipa moja la mafuta ni lita 159, na kasha la rimoti lina gramu 10 hivi tu!

Joto ndilo mwalimu wa mafundi wa huku. Wastani wa joto la juu la mchana Lodwar ni karibu nyuzi 35. Mwaka 2018 watafiti wa Arizona, Marekani, walipima magari yaliyoachwa juani siku zenye joto la karibu nyuzi 38: baada ya saa moja dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69!

Kwa nini nakuambia? Kwa sababu plastiki inayopendwa zaidi kwenye printa za 3D, iitwayo PLA, hulegea kuanzia nyuzi 60 hivi. Na wajua hutengenezwa kwa nini? Kwa wanga wa mimea, mara nyingi mahindi! Kasha la mahindi likiachwa juu ya dashibodi pale stendi ya Lokichar, utarudi ulikute limejikunja. PETG huvumilia hadi karibu 80, na ABS hupita 100. Kwa Turkana ABS ndiyo bingwa, na sijali nani atabisha.

Printa yenyewe ina umri gani? Mmarekani Chuck Hull aliomba hataza ya mashine yake mwaka 1984. Kitu chake cha kwanza kilikuwa kikombe kidogo cha kuoshea macho.

Uzi wa printa wa kilo moja, wenye unene wa milimita 1.75, ukiunyoosha wote unafika mita 330 na zaidi. Kasha la gramu 10 hula mita tatu na kidogo tu. Kwa hiyo koili moja hutoa makasha 100! Na Afrika hatuchelewi: mwaka 2013 Afate Gnikou wa Lomé, Togo, aliunda printa ya 3D kwa vyuma vya kompyuta zilizotupwa. Nairobi nako Roy Ombatti akaanzisha AB3D, inayounda printa kwa kutumia sehemu za vifaa chakavu.

Huna printa? Tafuta vifuniko vya chupa za soda. Vingi ni plastiki ya HDPE, inayoyeyuka karibu na nyuzi 130, joto ambalo jiko la kawaida hulifikia bila jasho. Viyeyushie nje penye hewa, vibane ndani ya fremu ya mbao, vikipoa ukate kwa msumeno na ulainishe kwa tupa na msasa. Pwani walikwenda mbali zaidi: mwaka 2018 jahazi la Flipflopi lilishushwa majini Lamu, urefu mita 9, limejengwa kwa tani 10 za plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndala 30,000!

Na kama hata hilo ni kazi, kuna tyubu kuukuu ya lori. Mpira huo haupitishi maji, hauogopi vumbi, na ukikatwa mkanda ukavutwa kuzunguka bodi hubana wenyewe. Watu wa huku wanatembea juu ya akala za tairi. Ndugu yake tyubu anaweza kukaa mfukoni.

Vumbi, ndugu yangu, usilidharau. Kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya hupita upepo mkali unaoitwa na wanasayansi mkondo wa Turkana, na upepo huohuo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme kule ng'ambo ya ziwa, Marsabit. Kitu kilichoandikwa IP67 kimezibwa vumbi lisiingie kabisa, na huvumilia nusu saa ndani ya maji ya kina cha mita moja. Tone la gundi ya silikoni kuzunguka ukingo wa kasha lako litakusogeza karibu na daraja hilo.

Je, wajua chini ya kitufe cha mpira kuna swichi ya milimita chache tu? Nyingi zimeundwa kubonyezwa mara 100,000 au zaidi. Ukibonyeza mara 10 kila siku, hiyo ni miaka 27! Rimoti inapokufa vitufe, mara nyingi lehemu imeachia, na swichi haina hatia.

Lehemu ya zamani ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Ile isiyo na risasi hungoja hadi karibu 217. Kwa hiyo anayetengeneza simu Kakuma tayari ana kila kitu: pasi ya lehemu, kibano, bisibisi ndogo na jicho kali. Na Kakuma pana mafundi! Kambi ya wakimbizi ya hapo ilianzishwa mwaka 1992, na utafiti wa IFC, shirika la Benki ya Dunia, uliochapishwa 2018 ulikuta huko biashara zaidi ya 2,000.

Nguvu ya jambo dogo, sikia hii. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliagiza yarudishwe magari milioni 2.6 kwa sababu swichi ya ufunguo iliweza kujizima gari likiwa mwendoni. Uzito wa funguo nyingi kwenye kishikio kimoja ulikuwa mmoja wa vichochezi. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Kampuni iliwaambia madereva: ufunguo peke yake, usitundike kingine! Ukirukaruka kwenye barabara mbovu, ondoa lile rundo la funguo za makufuli ya nyumbani.

Ni Chrysler, mwaka 1949, iliyoanza kuwasha injini kwa kuzungusha ufunguo. Kabla ya hapo ilikuwa kitufe au kanyagio, na kabla ya 1912, Cadillac ilipoleta stata ya umeme, ilikuwa mkono wa chuma na jasho. Rimoti yenyewe ilikuja na Renault Fuego mwaka 1982, kwa mwanga usioonekana badala ya redio. Wafaransa waliiita plip, kwa heshima ya mbunifu wake Paul Lipschutz.

Halafu watengenezaji wakaanza kuzikuza! Mwaka 2015 BMW ilileta ufunguo wenye skrini ya kugusa ya inchi 2.2. Ufunguo wenye skrini! Mimi naona huko ni kurudi Lomekwi.

Aliyekwenda upande wa pili hadi mwisho ni Amie Dansby, mhandisi wa programu wa Texas. Mwaka 2019 aliyeyusha kadi ya gari lake la Tesla kwa asetoni, akabaki na chipu na antena, vikapachikwa chini ya ngozi ya mkono wake. Gari lake likafunguka kwa kusogeza mkono!

Je, wajua siri ya rimoti nyingi ilizaliwa Afrika? Mfumo wa KeeLoq, unaobadilisha msimbo kila unapobonyeza, ulibuniwa Afrika Kusini katika kampuni ya Nanoteq miaka ya 1980, na mwaka 1995 Microchip ya Marekani ikaununua kwa dola milioni 10. Msimbo unaobadilika una uwezekano 4,294,967,296!

Mtoto akiichezea rimoti ya aina hiyo mbali na gari, akabonyeza zaidi ya mara 16, gari hupoteza hesabu. Usiogope. Bonyeza mara mbili mfululizo ukiwa karibu, vitaelewana tena.

Gari liko mbali kidogo na halisikii? Weka rimoti chini ya kidevu, ubonyeze. Kichwa chako chenye maji mengi husaidia kurusha mawimbi, na masafa huongezeka! Jaribu leo jioni, watu wakikutazama waeleze.

Na betri ikifa kabisa njiani, una Toyota ya kuwasha kwa kitufe? Gusisha rimoti kwenye kitufe hicho huku ukikanyaga breki, kisha ukibonyeze. Ile chipu isiyohitaji betri itaamshwa na gari lenyewe, na injini itawaka. Ndiyo maana nikakuambia usiitupe na ganda!

Jambo moja la mwisho, na hili nakushika mkono kabisa. Betri hiyo ya milimita 20 ikimezwa na mtoto inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa 2, bila moto na bila kelele. Kasha lako jipya, liwe la mathenge, la pembe au la ngozi, lifunge kwa skrubu au kwa mshono ambao vidole vidogo haviwezi kuufungua, na betri iliyokwisha izungushie utepe wa gundi pande zote kabla ya kuitupa. Mtoto akimeza, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Usingoje aanze kulia.